Nyama ya moshi nayo inahitaji friza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mzazi akimbanikia mwanafunzi nyama kwa moshi, friji haina kazi tena, kwa kuwa wazee wetu walikula nyama ya namna hiyo miezi na miezi. Wazee waliikausha ikawa ngumu kama ubao, tena ilikaa juu ya uchaga na moto wa kupikia ukiwaka chini yake kila siku. Sisi tunaobanikia ndani ya pipa tunaiweka kwenye moshi saa chache tu, inatoka imeiva, laini, na maji yamo ndani. Hiyo ukiiacha kabatini kwa joto la Dodoma, baada ya siku mbili inateleza.

Mimi ni mstaafu wa misitu hapa Mafinga, binti yangu anasoma Dodoma. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, likichelewa anakula wali maharage mchana na usiku, ndiyo maana nambanikia kidari cha ng'ombe na kuku. Kitimoto sipeleki: mwenzake wa chumbani ni Muislamu na sufuria ni moja.

Kuni ndizo zinazoharibu kazi ya wengi huku kwetu. Misonobari na mikaratusi imejaa hadi mlangoni, basi mtu anachukua anachokiona. Msonobari una utomvu. Moshi wake mweusi unaacha masizi na uchungu usiotoka hata ukichemsha nyama mara mbili. Mimi natumia mpera uliokauka vizuri, moto mdogo, moshi mwepesi. Pipa langu lilikuwa la mafuta ya kula. La dawa za shambani usilitumie hata kama umelichoma na kulisugua.

Nyama inalala na chumvi, gramu 20 kwa kila kilo, kisha naitundika mpaka juu pakauke, kwa sababu nyama yenye majimaji inashika masizi. Kuku namhakikisha ameiva hadi mfupani, nyuzi 74 kwa kipimajoto, maana moshi hubadilisha rangi ya nyama na jicho hudanganyika kirahisi. Ikipoa, isizidi saa mbili nje, navipanga vipande kwenye sinia visigusane na kuviingiza kwenye friza. Vikishakuwa vigumu ndipo navifungasha kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja. Ukivifungasha vikiwa laini vinagandana, na mtoto atalazimika kuyeyusha kilo nzima kwa ajili ya sahani moja. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 natumia vikopo vya aiskrimu, na tarehe naiandika juu ya kifuniko.

Wengine watasema nyama ifungwe kwa mashine isiingie hewa, basi imekwisha. Haijaisha! Vimelea vya botulismi hustawi pasipo hewa, na sumu yake inaua. Kifungashio cha namna hiyo nacho kikae kwenye baridi, nyuzi 18 chini ya sifuri ukitaka kikae muda mrefu. Umeme ukikatika, friza iliyojaa isipofunguliwa hushika baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja.

Sipeleki nyingi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama zilizosindikwa, zikiwamo za moshi, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Kwa hiyo ni ya kutia ladha kwenye maharage mara moja moja, siku nyingine ale dagaa.

Safari yenyewe hainisumbui. Vikopo vilivyoganda navikaza kwenye ndoo, navizungushia magazeti (samahani Mhariri, na lako limo) na blanketi kuukuu, ndoo inakaa ndani ya basi, si kwenye buti. Basi likitoka alfajiri kupitia Iringa na Mtera, inafika bado ina barafu.

Tatizo linaanzia hosteli. Binti yangu amekatazwa kuweka hata friji ndogo, kwa hiyo vikopo anavilaza kwenye friza ya mama ntilie wa jirani na kulipa kwa kikopo kimoja kila shehena. Tulipomwomba mwenye hosteli aweke friza moja ya kulala, yenye kufuli na luku yake peke yake, wanafunzi wachangie umeme, alisema italeta harufu. Soda anazouza yeye zimejaza friji mbili pale getini.

Kama yupo mwenye hosteli Dodoma ambaye tayari ana friza ya pamoja, namwomba aandike hapa atueleze wapangaji wake wanachangia shilingi ngapi kwa mwezi na ufunguo anashika nani. Nitaikata barua yake nimpelekee yule wa kwetu.

Mstaafu wa misitu,
Mafinga, Iringa