Kibodi yangu si mbovu

Mhariri,

Mimi mpiga chapa, Wete. Mwanangu aliyeko Maskati kaniletea kibodi ya Apple, nami kompyuta yangu kuukuu inatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Herufi zote sawa, lakini nikibonyeza F2 nibadilishe jina la faili, haifanyi kitu ila kuongeza mwanga wa skrini! Na Alt imekaa pasipo pake. Fundi wa mjini akaniambia, "Mbovu hii, bwana, nunua nyingine," na yeye ndiye muuzaji. Mjukuu wangu akaingia kwenye moduli ya hid_apple, yaani kipande cha Linux kinachoendesha kibodi za Apple, akaweka fnmode 2 ili F2 ifanye kazi yake, na swap_opt_cmd 1 ili Alt irudi mahali pake, akaizima kompyuta na kuiwasha. Ikawa sawa, kahawa yangu haijapoa. Naomba vyuo vyetu vya kompyuta Pemba vifundishe na Linux, si Windows peke yake.

Mpiga chapa,
Wete, Pemba