Kijana wa miaka 13 asipewe mashine ya mtu mzima

Mhariri,

Mimi ni fundi pikipiki hapa Malindi. Juzi jirani aliniletea pikipiki ya magurudumu manne, CC 250, niikague kabla hajamnunulia mwanawe wa miaka 13. Nilimkataza. Marekani, ushauri wa miaka mingi ni kwamba wa miaka 12 hadi 15 asipewe injini inayozidi CC 90. Ile ilikuwa na uzito wa karibu kilo 200. Ikipinduka kwenye matuta ya mchanga kule Mambrui, nani atamnasua mtoto?

Nilimkalisha kijana juu yake. Breki aliifikia kwa ncha za vidole tu, na dole gumba lilijinyoosha mpaka likatetemeka kutafuta kijiti cha kuongeza mafuta. Baba mtu akanyamaza.

Wazazi wenzangu, tafuteni yenye skrubu ya kubana mafuta isiende kasi, na kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa mkononi: akidondoka, injini inazima papo hapo. Kofia ngumu ni lazima, hata ufukweni jioni. Na asimpakie mdogo wake. Kiti ni kirefu ili mwendeshaji ajisogeze akikata kona.

Fundi pikipiki,
Maweni, Malindi