Barua ya wazi kwa Msajili wa Michezo: Chui hakukosa wachezaji, alikosa nyumba

Mheshimiwa Msajili,

Nakuandikia kuhusu AFC Leopards, klabu ya soka ya Nairobi ambayo sisi mashabiki huiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Ningeweza kumwandikia mwenyekiti wake, lakini wenyeviti wamekuja na kuondoka tangu klabu ilipotwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya mwisho mwaka 1998, huku ugonjwa ukibaki ule ule. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda ofisi yako na kuikabidhi usajili wa mashirika ya michezo nchini, klabu zikiwemo. Naamini dawa ya Ingwe imo katika kazi hiyo kuliko katika miguu ya mshambuliaji yeyote atakayesajiliwa msimu ujao.

Wasomaji vijana huenda wasijue tunaomboleza nini. Klabu ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, timu kadhaa za Waluhya waishio Nairobi zilipokubali kuungana, nayo ikabadili jina serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondoke michezoni. Ilikuwa timu ya mshambuliaji Joe Kadenge, ambaye wazee wetu hadi leo hawawezi kumtaja bila kuongeza maneno “na mpira”, kama walivyozoea kuyasikia redioni. Ilikuwa pia timu ya mlinda lango Mahmoud Abbas. Ilichukua ligi mwaka 1980, 1981 na 1982, kisha ikabeba Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1984. Siku hizo timu ya Dar es Salaam au Kampala ilipopangwa na Leopards haikulala usingizi mzito.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa karakana, na kila mwezi alichangia tawi la mashabiki la mtaani kwetu. Kadi yake ninayo. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa katikati, ndani yake mna miraba kumi na miwili, na kila mraba umepigwa mhuri wa wino wa zambarau uliochujuka kwenye kingo. Fedha ile ilikuwa ndogo, lakini iliyeyuka kwenye nauli ya basi la timu na chakula cha wachezaji bila kuacha hata tofali moja. Wafadhili wakubwa nao walitoa kwa moyo, nao fedha zao zikaenda njia hiyo hiyo. Klabu iliyoshinda kila kitu ilipita katika miaka yake ya neema bila uwanja wake yenyewe.

Tazama orodha ya mabingwa waliofuata baada ya 1998, maana mimi sijui ushahidi ulio wazi kuuzidi huo. Tusker, timu ya kampuni ya bia, ilichukua 1999 na 2000. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ikafuata 2001 na 2002. Ulinzi, timu ya jeshi, ikachukua mara tatu mfululizo kuanzia 2003, kisha SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ikashinda 2006. Hata ubingwa wa msimu wa 2024/25 ulikwenda kwa Polisi. Timu hizi hazikuwa na isukuti, ngoma za Waluhya, jukwaani, wala hazikujaza viwanja. Nyingi zilicheza mbele ya watu wa kuhesabika. Kilichozitofautisha na Ingwe ni kwamba mchezaji wao aliijua tarehe ya mshahara, na kwamba kuondoka kwa kiongozi mmoja hakukumaanisha kuanza upya. Katika miaka hiyo hiyo Leopards ilikuwa imegawanyika kwa migogoro ya uongozi, hata ikashuka daraja baada ya msimu wa 2006 na kurejea ligi kuu mwaka 2009.

Najua utaniuliza kuhusu Gor Mahia, ambayo nayo ni klabu ya wananchi na ambayo ilirudi kileleni mwaka 2013. Swali ni la haki. Lakini mashemeji wetu hao, kama tunavyowaita watani wetu wa jadi, walisubiri miaka kumi na minane, tangu 1995, na baada ya kurudi wameendelea kusumbuliwa na madeni na migomo ya wachezaji. Udhamini wa SportPesa, kampuni ya kamari ya michezo, ulizifikia klabu zote mbili. Gor Mahia ikatwaa mataji ya ligi, Leopards ikaambulia Ngao ya GOtv, kombe la mtoano, ya mwaka 2017. Kwa hiyo sisemi kwamba fedha pekee zingetuokoa. Udhamini ule ulipokatika mwaka 2019, klabu haikuwa na akiba wala chanzo kingine cha maana, na kufikia mwaka 2021 FIFA ilikuwa imeifungia kusajili wachezaji kwa sababu ya malimbikizo ya mishahara ya watu iliowaajiri yenyewe. Ndani ya miaka michache kabla ya hapo walikuwa wamepita makocha kutoka Uholanzi, Ubelgiji, Kroatia, Uingereza, Romania, Argentina, Serbia na Rwanda. Hakuna timu ya vijana inayoweza kukua chini ya mikono inayobadilika hivyo, na kila kocha anayefukuzwa kabla ya mkataba kwisha huacha nyuma yake ankara.

Ninachoomba ni mambo ya ofisini, yasiyo na shangwe. Itake klabu ichapishe daftari la wanachama wake wanaolipa ada, tawi kwa tawi, mapema kabla ya uchaguzi wowote, ili kila shabiki alione jina lake au akosoe kukosekana kwake. Itake iweke hadharani hesabu zilizokaguliwa za kila mwaka, pamoja na orodha ya madeni, nani anadai na tangu lini, na uongozi unaoingia utie saini kwamba umeyapokea. Na viongozi wanaposhindwa kufanya hivyo, wasikabidhiwe mwaka mwingine kwa kuhurumia ukubwa wa jina. Huruma hiyo imetugharimu zaidi ya robo karne.

Hayo yakianza, nitakuwa wa kwanza kulipa, na wako wengi kama mimi, kuanzia Kakamega hadi Kawangware, ambao hawajaacha kuipenda timu hii bali wameacha kutoa fedha wasizoonyeshwa zilikokwenda. Nitashukuru ukinijibu hadharani kama nilivyokuandikia, ukitaja mwezi ambao daftari la kwanza litabandikwa.

Wako katika michezo,
Shabiki wa Ingwe, Nairobi