Barua kwa kampuni ya umeme: nguzo tatu zilizooza kwenye njia ya shule

Kamati ya Shule ya Msingi,
Bonde la Mto Rufiji,
Mkoa wa Pwani.
3 Septemba 2025

Meneja wa Wilaya,
Kampuni ya Umeme.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NGUZO ZILIZOOZA NA WAYA ULIOLEGEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa niaba ya wazazi wenye watoto katika shule yetu. Nguzo tatu za laini ndogo inayopita kati ya njia ya mashambani na uwanja wa shule zimeoza shinani. Waya kati ya nguzo ya pili na ya tatu umelegea kiasi kwamba mtu mzima akipita na jembe begani, mpini unaufikia. Hiyo ndiyo njia wanayopita watoto asubuhi na jioni.

Taarifa hizi mnazo. Tulipiga simu huduma kwa wateja baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, pale maji yalipokaa mashambani na udongo ukalainika. Tukapewa namba ya taarifa. Tulipopiga tena tukapewa namba nyingine. Mafundi wenu walikuja, wakaikagua nguzo ya kwanza, wakaiegemezea gogo na kuifunga kwa waya, wakasema nguzo mpya zinakuja. Hakuna aliyerudi, na gogo lenyewe sasa linaliwa na mchwa.

Nguzo ya mkaratusi huozea pale inapoingia ardhini, kwenye shubiri chache ambapo unyevu na hewa hukutana. Dawa yake ikishapungua nguvu, kuvu na mchwa huingia ndani, na mpita njia hawezi kujua, maana kwa nje nguzo bado inaonekana nzima. Fundi mmoja wa hapa kijijini aliigonga nguzo ya pili kwa nyundo ikalia kama debe tupu. Akaichoma kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Ukaguzi huo ulichukua dakika chache na haukuhitaji mtambo wowote. Tunashindwa kuelewa kwa nini mafundi walioagizwa kuja hawakuufanya kwenye nguzo zote tatu.

Ninyi ndio wataalamu, mnajua kuliko sisi kinachotokea waya wenye moto ukiangukia udongo uliolowa. Umeme husambaa ardhini, na mtu anaweza kupigwa bila hata kuugusa waya, kwa kuwa mguu wake wa mbele na wa nyuma unakanyaga penye nguvu tofauti. Fyuzi ya kwenye transfoma nayo si lazima ikatike, maana umeme unaopita kwenye udongo unaweza usitoshe kuikata. Waya utalala chini ukiwa na moto. Mtoto wa darasa la kwanza hayajui haya. Akiona waya umeanguka atausogelea autazame. Masika yaliyopita nyaya ziligusana kwa upepo, cheche zikaangukia paa la makuti la jiko la shule. Walimu waliuzima moto kwa maji ya kunywa ya watoto. Tuliwaarifu siku hiyohiyo.

Kwenye ubao wa ofisi yenu nimesoma maelezo marefu kuhusu kazi zenu katika nishati safi, usalama na jamii. Sipingi kazi hizo. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwenye mto wetu huu: mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Kutoka pale laini ya kilovolti 400 inakwenda Chalinze juu ya minara ya chuma. Vijana wa bonde hili walifanya kazi pale, na sisi wazazi wao tunajivunia. Ndiyo maana inatuuma kuona kwamba huku kwetu, kwenye bonde la mto unaozalisha umeme huo, laini inashikiliwa na gogo.

Liko na jambo la majiko. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Maofisa wenu walikuja hapa na majiko ya umeme ya presha, wakapika maharage mbele ya kinamama, na baadhi yao wakayanunua kwa fedha za ufuta. Sasa jioni kila nyumba inapowasha, taa zinafifia na jiko linajizima na chakula hakijaiva. Transfoma ni moja, laini ni ndefu, waya ni mwembamba. Kinamama wamerudi kwenye mkaa. Hili linaweza kusubiri vipimo vya wahandisi wenu, nguzo haziwezi.

Na hatudaiwi. Umeme wa LUKU tunaulipia kabla hatujautumia, na katika kila manunuzi tunakatwa VAT, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Mkulima anayenunua umeme wa shilingi elfu mbili amechangia, sawa na mwenye kiwanda.

Mlituletea madaftari na mipira, tunashukuru, watoto wanavitumia. Gari lililoleta zawadi hizo lilipita chini ya waya huu tunaoulalamikia, na dereva ilibidi asimame ili mtu ashuke na kumwelekeza. Tungeulizwa siku ile shule inahitaji nini, tungewaonyesha juu.

Tunaomba kipande hicho cha laini kizimwe mara moja hadi kitakapotengenezwa. Tunajua maana yake: ofisi ya mwalimu mkuu itakosa umeme na pampu ya kisima haitafanya kazi. Wazazi walikutana wakakubaliana kwamba watachota maji kwa zamu. Tunaomba pia nguzo zote tatu zibadilishwe kabla mvua za vuli hazijaanza, na kwa kuwa ardhi yetu ni ya majimaji, zitumike nguzo za zege. Waya ukazwe ufikie kimo kinachotakiwa, na laini nzima hadi kwenye transfoma ikaguliwe nguzo kwa nguzo. Aje mhandisi mwenye mamlaka ya kuamua, azungumze na wazazi, na aingie madarasani kuwaeleza watoto wafanye nini wakiona waya chini.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14, yakitaja tarehe ya kazi na jina la atakayeisimamia. Siku hizo zikipita bila majibu, tutapeleka malalamiko haya EWURA, na tutaomba msaada wa baraza la watumiaji, EWURA CCC. Namba za taarifa tulizopewa na picha za nguzo zote tatu zimeambatishwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Kamati ya Shule

Nakala: Mwalimu Mkuu, Ofisi ya Serikali ya Kijiji