Masika ya Novemba: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi Masika,

Salamu nyingi kutoka huku Mbeya. Mimi ni mzima, magoti tu yananisumbua kwa baridi ya usiku, ila nalala chini ya mablanketi mawili. Dhumuni la barua hii ni kukujibu swali uliloniuliza ukiwa darasa la nne. Ni deni langu la siku nyingi, na simu haitoshi kulilipa.

Siku ile ulirudi kutoka shuleni umevimba macho. Mwalimu alikuwa amewafundisha misimu ya mvua: vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei. Mwenzako mmoja, aliyejua siku yako ya kuzaliwa, akasimama akasema basi Masika amepewa jina la makosa, angeitwa Vuli. Darasa zima likacheka. Ulinikuta jikoni nakuna nazi, ukaniuliza, "Mama, kwa nini mliniita Masika na nimezaliwa Novemba?" Nikakujibu, "Jina ni jina tu, nenda kaoge."

Mimi, mwalimu wa jiografia, nikakujibu hivyo. Mwaka ule baba yako alikuwa anaumwa, na kila neno lililogusa Mbeya lilikuwa linanichoma, kwa sababu huku ndiko alikokuwa na afya yake. Nikakuacha urudi shuleni kesho yake mikono mitupu. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kuja huku nilitoka stendi ya Magufuli, Dar, alfajiri. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na sikusinzia hata kidogo. Ruaha Mbuyuni abiria walinunua vitunguu madirishani kama zamani, tukapanda Kitonga polepole nyuma ya malori, na tulipopita Makambako nikafunga dirisha kwa baridi. Jioni, nilipokuwa nashuka ngazi za basi, nikasikia mtu anaita, "Mama Masika! Mama Masika!" Nikasimama pale pale na begi mkononi. Dar mimi ni Mwalimu kwa kila mtu, na kwa majirani wachache ni mama wa kaka yako. Tangu tuhame huku mwaka 2003, hakuna aliyewahi kuniita kwa jina lako.

Ni yule mama mwenye nyumba yetu ya Mwanjelwa. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo, mjukuu wake alikuwa amemshika mkono. Akanisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," akasubiri aone kama nakumbuka kuitikia. Nilikumbuka. Neno la pili lilikuwa, "Mtoto wangu yuko wapi?"

Nilifika katikati ya Novemba, na mvua haikuwa imeanza. Mji ulikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye majani ya miti, na miteremko ya Mlima Loleza juu ya mji ilikuwa na mabaka meusi palipoungua. Watu wakisikia Mbeya husema baridi, na kweli Juni na Julai huku si mchezo. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mimi mtoto wa Pangani nilikuja Juni ya mwaka 1999, mimba yako changa, na begi lenye khanga na sweta moja. Usiku wa kwanza nikaingiza jiko la mkaa chumbani nikafunga mlango. Huyu mama ndiye aliyegonga, akalitoa jiko nje kwa mikono yake, akasema, "Watu wanalala hivyo hawaamki." Kisha akaniletea blanketi lake. Kumbuka hilo ukija, usikubali jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hata mwenyeji akikwambia amezoea.

Oktoba na Novemba lakini ni habari nyingine. Ndiyo miezi ya joto huku, ardhi imekauka, maji ya bomba yanakuja kwa zamu, na kila mtu anatazama juu. Siku zangu za kwanza kila alasiri wingu lilijikusanya juu ya Loleza, likawa jeusi, upepo ukavuma ukaangusha makopo barabarani, watu wakaanua nguo, halafu wingu likatawanyika. Wauza sokoni walishatundika miavuli na mabuti ya mvua mbele, masweta wakayarudisha nyuma. Lile soko la Mwanjelwa tulilokuwa tunanunua sote halipo, liliungua mwaka 2006, na pale pale limejengwa la ghorofa. Nimeingia nikapotea. Sikupapenda, lakini parachichi ni zile zile, na mchele wa Kyela ukiufungua mfuko unanukia kabla hujaupika.

Wenye mashamba pembeni mwa mji walikuwa wameshalima. Wengine walishapanda mahindi kwenye vumbi, wakiamini mvua itayakuta ardhini. Nilimuuliza mjukuu kama si hatari, mbegu isije ikaliwa na panya au ikadanganywa na manyunyu ya siku moja. Akasema hatari ipo, lakini anayesubiri udongo ulowe kabisa huchelewa.

Nilipochoka kusubiri nikapanda Coaster kwenda Tukuyu kwa siku mbili. Kutoka Mbeya ni kama kilomita 70, lakini ni kama kuingia nchi nyingine. Ukishapita Isongole, pale viazi vinapopangwa barabarani kwenye yale magunia ya lumbesa yaliyojazwa hadi yakaota kichwa, hewa inabadilika, unaanza kuona migomba, halafu chai, halafu ukungu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa sababu upepo wenye unyevu unaopanda kutoka Ziwa Nyasa unagonga milima na kumwaga ulichobeba. Mbeya mjini, nyuma ya milima hiyo, haipati hata nusu ya hizo. Nilikula mbalaga, zile ndizi za kupika za Kinyakyusa, kwenye mgahawa mdogo huku matone yakipiga dirisha, na Mlima Rungwe sikuuona kabisa siku zote mbili, umejifunika.

Ndani ya msitu wa mlima huo anaishi kipunji. Wataalamu walimwona mwaka 2003, na mwaka 2005 wakatangaza duniani kwamba amegunduliwa tumbili mpya. Lakini wawindaji wa huku walikuwa wakimwita kipunji siku zote, na ni kwa kuwasikia wao ndiyo wataalamu wakaenda kumtafuta. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi habari hiyo kila mwaka, na hata siku moja sikuihusisha na jina lako.

Basi sikiliza sasa, nikueleze kama nilivyopaswa kukueleza siku ile jikoni.

Ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua la utosi linaposhuka kusini mwa ikweta, ukanda nao unashuka. Oktoba hadi Desemba unapita Tanga na Dar, na hiyo ndiyo vuli. Januari na Februari unakuwa umekwenda kusini, pwani inakauka. Machi unarudi kaskazini, unapita tena pale pale, na hiyo ndiyo masika. Pwani yetu inapitiwa mara mbili. Mbeya iko kusini zaidi, karibu nyuzi 9 kutoka ikweta. Mvua ikifika huku Novemba, ule ukanda haupiti ukaenda zake, unabaki kuzunguka huku na majirani wa kusini mpaka karibu Aprili, na pepo zenye unyevu kutoka upande wa Kongo zinauongezea. Kwa hiyo huku msimu ni mmoja tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua za msimu. Watu wa huku wanasema masika, na mwaka wao una masika, kipupwe na kiangazi. Vuli hawana. Mtoto aliyezaliwa Mbeya Novemba mvua inapoanguka amezaliwa masika, na yule mwenzako wa darasa la nne alikuwa anasema kweli ya Dar peke yake.

Nilirudi mjini Jumatatu. Jumatano saa kumi jioni wingu likajikusanya kama kawaida, sikulijali. Halafu nikasikia harufu. Unaijua harufu ya udongo ukilowa, lakini huku, baada ya miezi sita bila tone, inakuja kabla ya mvua yenyewe, inapanda kutoka mitaa ya chini ambako imeshaanza kunyesha. Mama mwenye nyumba alikuwa kibarazani. Akanyoosha mkono nje ya kibaraza, kiganja juu, akauacha hapo. Radi ikapiga upande wa Loleza, ikaanza mvua ya mawe, vipande kama punje za mahindi vikidunda uani, watoto wakavikimbilia na bakuli. Dakika kumi hivi, kisha maji. Mabati yakaanza kulia.

Tukakaa ndani kimya, kwa sababu huwezi kuzungumza chini ya mabati kwa mvua ile. Nami nikakumbuka yote.

Ulitakiwa kuzaliwa wiki mbili baadaye. Baba yako alikuwa safarini na treni, upande wa Mlimba. Uchungu ulinianza saa mbili usiku, umeme ulikuwa umekatika, na mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanza jioni ile. Kijana aliyetumwa kutafuta gari alirudi na tope hadi magotini, gari limekwama. Mama huyu akawasha kandili mbili, akamwita jirani yake, wakatandika mkeka chumbani kwake. Walinishika wote wawili. Na ulipotoka, Masika, hakuna aliyesikia kilio chako. Mvua ilikuwa imeyashika mabati hivi kwamba niliona mdomo wako umefunguka, nikaona kifua kinapanda na kushuka, lakini sauti sikuipata. Nikadhani hulii. Nikapiga kelele nami hawakunisikia. Ndipo huyu mama akakubeba akaweka sikio lako shavuni mwangu, mdomo wako kwenye sikio langu, nikakusikia.

Alfajiri ikatulia. Kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini uani, mabawa yametapakaa mlangoni. Gari lilipofika kutupeleka hospitali, akakufunika vizuri akasema, "Huyu ameingia na masika." Baba yako alipofika kesho yake alikuwa na jina la mama yake tayari moyoni. Akasikia habari yote, akakaa kitandani, akakutazama muda mrefu. Akasema, "Basi anaitwa hivyo hivyo alivyoitwa."

Hayo ndiyo niliyopaswa kukwambia badala ya kukutuma ukaoge. Nisamehe, mwanangu.

Leo asubuhi Loleza imeoshwa, unaweza kuhesabu miti. Barabara ni tope tupu na bajaji zinateleza, na kila penye uwazi kati ya nyumba mtu ameinama na jembe. Mama mwenye nyumba hawezi kuinama tena, kwa hiyo amekaa kwenye kigoda, anaelekeza kwa fimbo, mjukuu anachimba mashimo, mimi nadondosha mbegu mbili mbili. Mstari wa mwisho, ule wa karibu na ukuta, ameniambia ni wako.

Ukija, chukua basi la alfajiri na ukae dirisha la kushoto. Ukifika Chimala tazama juu, utaona barabara inayopanda mlimani kwenda Matamba kwa kona 57, na nyuma yake ndiko Kitulo, kwenye maua. Leta sweta zito na viatu visivyoogopa tope. Mletee bibi yako nazi, aliniomba, anasema za sokoni hapa zimekaa sana.

Mahindi yatakuwa mabichi Machi. Omba likizo ya wiki moja uje tuyachome. Huku bado itakuwa masika, na Dar nako yatakuwa yanaanza.

Ni mimi,
Mama Masika