Mwanangu, baba yako atakwambia hana kiu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila mimi na goti langu na baba yako na ubishi wake. Nakuandikia kwa kalamu, Rukia ataipiga picha akutumie, kwa sababu zile sauti za WhatsApp baba yako huzisikia hata akiwa barazani, na haya sitaki ayasikie.

Viza imetoka, tiketi umelipa, Alhamisi ijayo anapanda ndege. Hapo sina neno, Mungu akuzidishie. Lakini tangu uliponiambia kwamba siku ya nne baada ya kufika mnampeleka Orlando kwenye bustani ya michezo ya Disney, sipati usingizi. Siwazi mabembea yale. Wala siwazi simba. Nawaza maji. Baba yako atakwambia hana kiu. Usimwamini hata akiapa.

Wewe umemwona mara ya mwisho miaka minne iliyopita, akitembea. Picha ninazokutumia nampiga akiwa amekaa, amevaa kanzu safi, na upande wa kushoto nauweka ukutani. Tangu kiharusi kile, mtu huyu akijua anatoka nyumbani hanywi kitu. Anaona bora midomo ikauke kuliko kumwambia mtu amshike ampeleke haja. Huku kwetu safari ni nusu saa, bajaji kwenda na kurudi, tunavumilia. Huko umesema ni saa mbili na ushei kwa gari kutoka kwako Jacksonville, halafu kutwa nzima juani, mwezi wa saba. Kwa nini mwezi wa saba, mama? Najua, watoto wamefunga shule. Lakini joto la huko umenieleza mwenyewe kwamba linafanana na la hapa, tena na radi kila alasiri.

Nisije nikaonekana sina shukrani. Ile ramani yenye alama uliyonitumia tumeikalia na Rukia siku mbili, akisoma na kunifasiria. Nimejua kwamba kuna michezo ambayo mtu anabaki kwenye kiti chake cha magurudumu, mingine lazima ahame aingie kwenye chombo. Nimejua pia kwamba ile kadi ya kusubiri nje ya foleni baba yako haipati, maana tangu 2024 wameielekeza kwa wenye usonji na hali za namna hiyo, na mwenye kiti anapanga foleni pamoja na watu wengine. Na umechagua vizuri kuacha ile bustani yao nyingine ya ngome, Magic Kingdom, ambayo ukishaegesha gari bado unapanda treni ya juu au feri ndipo ufike mlangoni. Hii ya wanyama, Animal Kingdom, unaegesha na mlango unauona. Nilimwambia shoga yangu, mwanangu anapanga mambo kama karani wa bandari.

Sasa sikiliza. Foleni ya saa nzima kwa mtu aliyekunywa maji ni jambo moja, na kwa mtu aliyekataa kunywa kwa sababu ya hiyo foleni ni jambo jingine. Kwa hiyo kila kabla ya kuingia foleni, chooni kwanza. Usimuulize "baba, unataka kwenda?" Atasema hataki. Sema "sote tunakwenda," mwende.

Nani atampeleka? Hapo ndipo ulipopaparikia. Umesema kuna vyoo vya chumba kimoja, vipana, vyenye komeo, mtu anaingia na anayemsaidia awe mke, binti au yeyote. Vizuri sana. Lakini upana wa chumba hauondoi haya. Wewe ni binti yake, atakufa kabla hujamfungua kifungo. Mume wako ni mkwe, ndiyo usiseme kabisa. Mwache Swaleh. Mjukuu na babu ni watani, wataingia wakitukanana na watatoka wakicheka, na mtoto ana miaka 16 sasa, ana nguvu. Umzoeze kabla, nyumbani, siku hizo tatu za mwanzo. Na muwe na chupa tupu kwenye mkoba, ya kuchambia. Vyoo vya huko havina maji ya kujitoharishia, na mahali pasipo maji baba yako hatakwenda hata apasuke. Hilo peke yake linatosha kumfanya asinywe.

Swaleh ajue na kumnyanyua. Umeniambia wafanyakazi wa pale hawaruhusiwi kumbeba wala kumhamisha mgeni, kazi hiyo ni yenu. Baba yako ni kilo 84. Kiti kikae upande wake wa kulia, ule mzima, breki zifungwe, vibao vya miguu vikunjwe juu. Asivutwe mkono wa kushoto hata kidogo, bega lile limelegea. Ashikwe kiunoni, nimemtilia ule mkanda mpana wa turubai alioshona fundi Chuma. Hesabuni mpaka tatu, ainuke mwenyewe, ninyi mnamsindikiza tu. Akivaa, mkono mgonjwa unaingia kwanza, akivua unatoka mwisho. Haya mengine ya kuvaa nimekwambia ya nini sijui, lakini utayahitaji.

Skuta ya umeme msimkodishie. Ataitaka. Ukimwekea sahani ya wali, atakula upande wa kulia, wa kushoto unabaki kama ulivyopakuliwa, na si kwamba ameshiba. Upande ule ni kama haupo kwake. Miimo ya mlango wetu wa uani yote ina alama za fimbo. Mtu huyo umpe chombo cha umeme katikati ya watoto wa watu? Tena umesema hata kwenye lile gari la safari, la kuzungusha watu waone wanyama, mwenye skuta anahamishwa kwenye kiti cha kawaida. Basi akae kwenye kiti cha kawaida tangu mwanzo, msukume nyinyi. Na kiwe kiti chenu, msitegemee vya kukodi pale, maana havivuki lango, na kutoka garini hadi langoni atakwenda na nini?

Kuhusu kiti. Ile pesa uliyotuma mwaka juzi ya kununua kiti, niliyokwambia kimekuja na kinamfaa. Mabati ya chumba cha nyuma yalikuwa yameoza, Mwanaidi, na baba yako mwenyewe alisema hataki kuonekana kitini, nami nikaona ni heri. Kwa hiyo hajawahi kukaa kwenye kiti cha magurudumu mbele za watu. Siku ya kwanza ni uwanja wa ndege. Ya pili ni hiyo yenu. Akigoma langoni msishindane naye, mpeni fimbo yake mkono wa kulia, atembee mpaka achoke. Haitachukua muda.

Hayo mabati yanavuja tena, lakini ni msumari tu.

Nirudi kwenye maji. Umesema kwenye vibanda vya chakula wanatoa vikombe vya maji ya barafu bure, ukiomba tu. Barafu inamkaza meno, waambieni wapunguze. Na kwamba bustani ile haitoi mirija ya plastiki wala vifuniko, kwa ajili ya wanyama. Kikombe cha karatasi kisicho na kifuniko kwenye mkono wa baba yako kitamwagika kifuani, na kikimmwagikia mara moja mbele za watu, ndiyo basi, hatagusa kingine. Nimemwekea kikombe chake cha bati chenye mkono. Mnyweshe humo. Kidogo kidogo, kidevu kimeinama, asinywe akiwa anaongea. Akinywa kwa pupa anapaliwa.

Na ataongea! Hapo ndipo mtakapopoteza saa. Umeniambia ndani ya bustani kuna kijiji kimejengwa kikaitwa Harambe, kwamba walikwenda kuangalia Lamu ndipo wakajenga, kuta za chokaa, milango, vibao vya Kiswahili, na kwamba kuna mahali wameandika Uhuru 1961. Mwalimu wa Kiswahili miaka 36, umsukume mbele ya vibao vya Kiswahili vilivyoandikwa na Wamarekani? Atasahihisha kimoja kimoja. Na huo mwaka 1961 atawasimulia wapita njia usiku wa tarehe 9 Desemba alivyobebwa mabegani akiwa na miaka 10. Mwacheni, lakini kivulini, na kikombe kiwe mkononi. Ukiona anaongea sana huku midomo inanata, ni kiu.

Usimwambie kabla kwamba ile njia ya kuangalia gorila iliitwa Pangani mpaka 2016 walipobadilisha. Nilimdokeza Rukia, akacheka mpaka akakaa chini. Pangani na gorila wapi na wapi? Sisi tuna minazi na mkonge. Atataka kuwaandikia barua.

Lile gari la safari mpandeni mapema, mlango ukifunguliwa tu. Wanyama wanaonekana kabla ya jua kali, na kiti kinaingia garini bila yeye kuhama. Lakini umesema njia ina mashimo ya makusudi, kwa hiyo awe amepita chooni. Ile mashua ya kwenye mto wa taa, hiyo ni lazima atoke kitini aingie chomboni. Ataing'ang'ania, mtu kazaliwa mdomoni mwa mto. Kama Swaleh na mume wako wote wapo, sawa. Kama ni wewe peke yako na mgongo wako ule wa baada ya uzazi, hapana, hata akununie. Ule mchezo wa kukaa kama kwenye pikipiki msimwonyeshe kabisa. Na ninyi mkitaka ule mlima wa treni, mpeane zamu, mmoja wenu abaki naye. Zuhura hajafika urefu, atabaki pia, lakini mtoto wa miaka sita si mlinzi wa mtu.

Saa sita mchana mwondoeni. Umelipa pesa nyingi, najua, zaidi ya mshahara wa mwaka wa watu wengine hapa mtaani, na moyo utakuuma kutoka saa sita. Toka. Mkalale mpaka alasiri radi zipite, mkitaka mrudi jioni. Au mkaeni kwenye ule ukumbi wa onyesho wenye kiyoyozi ambako kiti kinaingia. Adhuhuri na alasiri ameruhusiwa kuzikusanya, yuko safarini, asikwambie vinginevyo.

Vidonge vya presha na aspirini viko kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Cha asubuhi anywe na glasi nzima. Nzima, Mwanaidi, si funda moja la kusukumia kidonge.

Ile homa yake ya mwezi wa tatu, niliyokwambia malaria. Haikuwa malaria. Aliamka akaniita kwa jina la marehemu dada yake, akawa anauliza kengele ya shule imelia. Hospitali walipima mkojo, wakasema ni huo, na kwamba mwili umekauka. Daktari, kijana mdogo tu, akaniuliza kwa siku anakunywa vikombe vingapi. Nikasema vingi. Mashuka yakilowa usiku ni mazito, mwanangu, na kisima chetu unakijua, na huyu Rukia alikuwa bado hajaja. Chai ya magharibi nilikuwa nimeiondoa. Sasa nimeirudisha, tangu mwezi wa nne. Kwa hiyo na wewe usimpunguzie. Nguo za kubadilisha nimeweka suruali tatu nyeusi, nyeusi haionyeshi.

Mengine ni ya nyumbani. Mbuzi wa Idi amezaa wawili, mmoja ni wako kama nilivyoahidi, usidai picha kila siku. Umeme unakula hela sijui kwa nini, nadhani ni lile friji. Mpemba wa samaki amehamia Deep Sea, sasa nakula dagaa. Kaka yako amesema atakuja kulala hapa baba yako akiwa huko, nimemwambia asije na mkewe mpaka nimalize kupaka chokaa.

Mimi nitakaa wiki sita bila mtu wa kunibishia. Sijui nitafanya nini asubuhi.

Siku hiyo ya bustani unipigie jioni, hata kwetu iwe usiku wa manane, niko macho. Usinieleze habari za simba. Niambie alikunywa vikombe vingapi.

Mama yako

Rukia anasema picha ya kwanza imetoka na kivuli kule chini. Mstari usiosomeka ni ule wa kikombe: kiko kwenye begi jeusi, mfuko wa pembeni, nimekifunga na taulo lake la bluu.