Malalamiko: Mlituuzia safari hadi mlangoni, mkatuacha Täsch

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SAFARI YA GENEVA HADI ZERMATT, USWISI

Ndugu Meneja,

Risiti niliyoambatanisha inasema mtatuchukua uwanja wa ndege wa Geneva na kutufikisha "mlangoni mwa hoteli", Zermatt. Safari hiyo haipo. Magari ya kawaida hayaruhusiwi kuingia Zermatt. Wageni huyaacha Täsch, kilomita kama 5 kabla ya mji, wakapanda treni. Mjini kwenyewe ni vigari vya umeme tu. Utaratibu huu ni wa miaka mingi, na kampuni inayopeleka watu huko kila msimu wa theluji haiwezi kusema haikuujua. Mlipokea pesa zetu mkijua.

Dereva wenu alitushusha Täsch kando ya barabara, usiku, theluji ikimwagika, akasema mwisho ni hapo. Tulikuwa na mama yangu, mtu mzima anayetembelea fimbo. Kituo cha treni kina maegesho yenye paa, na kuna vitoroli vya mizigo ambavyo abiria huvisukuma mpaka ndani ya behewa. Angetufikisha hapo tu, nisingekuwa na mengi ya kusema, maana treni yenyewe huchukua dakika 12. Badala yake tuliburuta masanduku na mbao za kutelezea kwenye barafu huku tumemshika mama mikono yote miwili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Kuna na hili la minyororo, ile inayofungwa kwenye matairi ili gari lisiteleze kwenye theluji. Tulipokuwa tukipanda bonde baada ya kupita mji wa Visp, tulikuta alama inayoamuru magari yafungwe minyororo. Dereva hakuwa nayo. Alijitetea kwamba Uswisi hailazimishi kila gari liwe na matairi ya majira ya baridi. Ni kweli, lakini alama ile ikishawekwa ni amri. Akaendelea vivyo hivyo, gari likiserereka kwenye kona.

Naomba mturudishie nauli yote pamoja na gharama ya tiketi za treni. Ondoeni maneno "mlangoni mwa hoteli" kwenye tangazo la Zermatt, muwaeleze wateja wazi kwamba gari linaishia kituo cha Täsch. Pia nataka mnithibitishie kwa maandishi kwamba hakuna gari lenu litakalopandisha abiria milimani bila minyororo.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka shauri hili kwa wanaoshughulikia haki za wateja.

Wenu,
Mteja (namba ya tiketi imo kwenye risiti)